Sakafu ya Amarna: Maoni Kuhusu Riwaya ya Elizabeth Peters

Nimeisoma mara mbili Crocodile on the Sandbank, riwaya ya upelelezi iliyotoka mwaka 1975. Mara ya pili niliisoma polepole, kwa sababu nilikuwa nimeshamjua mhalifu na sasa nilitaka kuifuatilia kazi ya uchimbuaji yenyewe. Elizabeth Peters ni jina la kalamu la Barbara Mertz, Mmarekani aliyepata shahada ya uzamivu katika taaluma ya Misri ya Kale kwenye Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1952, na ambaye kabla ya riwaya hii alikuwa amekwisha kuandika vitabu viwili vya kuwaelezea wasomaji wa kawaida historia na maisha ya Wamisri wa kale. Elimu hiyo ndiyo inayoiendesha hadithi.

Msimulizi ni Amelia Peabody, Mwingereza asiyeolewa ambaye amerithi mali ya baba yake na kuamua kuitembelea Misri katika miaka ya 1880. Akiwa njiani, mjini Roma, anamwokoa Evelyn, msichana aliyetelekezwa na mwanamume aliyemlaghai, kisha wote wawili wanapanda mto Nile kwa dahabia, yaani mashua kubwa ya tanga yenye vyumba vya kulala, hadi Amarna, mji uliojengwa na Farao Akhenaten na kuhamwa muda mfupi baada ya kifo chake. Huko wanawakuta ndugu wawili, Radcliffe na Walter Emerson, wakichimbua mabaki ya mji huo, na haupiti muda mrefu kabla mumia, yaani maiti ya kale iliyokaushwa, hajaanza kutembea usiku.

Sehemu iliyonishika zaidi inahusu sakafu ya plasta yenye michoro ya rangi, ambayo ikishafukuliwa inaweza kupukutika kwa kuguswa tu, na ambayo Amelia anaihifadhi kwa kuipaka tapioka iliyochanganywa na maji, yaani wanga uleule wa muhogo tunaoujua sisi, akitumia kidole chake kwa uangalifu mkubwa. Jambo hili lina asili ya kweli. Mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alipoichimbua Amarna mwaka 1891 na 1892 alikuta sakafu ya namna hiyo na akaihifadhi kwa njia hiyohiyo. Mwandishi ameisogeza nyuma miaka michache tu ili iingie katika hadithi yake. Sitaeleza linaloipata sakafu hiyo katika riwaya, ila nilihuzunika nayo kuliko nilivyohuzunika kwa mhusika yeyote.

Fumbo lenyewe ni jepesi, na msomaji aliyezoea riwaya za aina hii atamshuku mhusika anayestahili kushukiwa mapema mno. Kasoro iliyonisumbua zaidi iko kwingine. Wafanyakazi Wamisri wanapokataa kuendelea na kazi kwa kumwogopa mumia, tunawaona kwa macho ya Mwingereza peke yake, naye anauita woga wao ushirikina. Msomaji wa pwani yetu, anayelijua neno mumiani, yaani wanyonya damu wa uvumi, ambalo lina asili moja na mumia, anajua pia kwamba hofu ya aina hiyo wakati wa ukoloni ilikuwa na maelezo yake: wageni walikuja na vifaa visivyoeleweka, wakawaajiri watu kwa kazi wasizoelezwa sababu yake, na uvumi ukawa njia ya kulisema lile lisilosemeka mbele yao. Mtaalamu mwenye elimu ya Mertz angeweza kumpa mfanyakazi mmoja nafasi ya kuzungumza kwa kirefu, na riwaya ingenufaika.

Hata hivyo ninaipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa mahusiano ya Amelia na Radcliffe Emerson, watu wawili wakaidi wanaobishana juu ya kila kitu isipokuwa thamani ya kigae kilichovunjika. Jina la kitabu limetokana na shairi la mapenzi la Misri ya Kale, ambamo mpendwa yuko ng'ambo ya pili, maji yamewatenga, na mamba anangoja kwenye fungu la mchanga. Kila wawili hao walipokuwa wakigombana kando ya mtaro wa uchimbuaji, nilijikuta nikiyapima maji yaliyobaki kati yao.