Rufaa au Ombi la Kifungu cha 2255?
Aliyefungwa na mahakama ya shirikisho ya Marekani kwa unyang'anyi wa benki, naye akaamini kuwa wakili wake alimtetea kizembe, ana njia mbili. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14, lakini majaji hutazama kumbukumbu za kesi pekee, na humo hamna mazungumzo ya faragha ambamo, kwa mfano, wakili alinyamazia pendekezo la waendesha mashtaka la kukiri kosa ili kupunguziwa kifungo. Ombi la kifungu cha 2255 cha sheria za shirikisho, yaani ombi la kuitaka mahakama iliyotoa hukumu iifute au iirekebishe, ambalo kwa dai hili ndilo ninaloliona bora, huwasilishwa ndani ya mwaka mmoja, kwa kawaida tangu hukumu iwe ya mwisho, yaani nafasi za rufaa zikiisha, na hupokea hati za viapo, hata ushahidi wa wakili mwenyewe. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Massaro, mwaka 2003, dai hili halikataliwi eti halikutajwa kwenye rufaa. Ubaya wake, tena mkubwa, ni kwamba mfungwa hana haki ya kikatiba ya kupewa wakili wa kuliandaa.