Mashine ya kupima sukari nyumbani: ninavyoiamini na mwisho wa kuiamini

Huu mwaka wa tatu natumia mashine ya kupima sukari, zile ndogo za kutoboa kidole, na nimeona niandike kwa sababu kila nikiitoa mbele za watu lazima mtu aseme, si unaona, na wewe una imani na kidude ambacho hata hujui ndani kina nini, basi kumwamini Mungu nako ni hivohivo. Mi namwamini Mungu, naomba asubuhi na usiku, ila hapo nakataa kabisa na nitaeleza kwa hiyohiyo mashine.

Kazi yake kwanza. Unatoboa pembeni ya ncha ya kidole (katikati panauma zaidi), tone linavutwa na stripu (kile kijikaratasi kigumu unachochomeka kwenye mashine), kwenye stripu kuna kimeng'enya, yaani kichocheo cha kemikali, ambacho kikikutana na sukari ya damu kunatokea umeme kidogo sana, mashine inaupima huo, sekunde 5 namba hii hapa. Haisumbui, betri inakaa, kioo kinasomeka hata usiku.

Sasa kitu ambacho wengi hawajui, ile namba inaruhusiwa kupishana na ukweli. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka angalau asilimia 95 ya majibu yasipishane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15 kama sukari ni 5.55 kwenda juu (namba zangu zote za sukari humu ni za mmol/L), na kama iko chini ya hapo isipishane zaidi ya 0.83. Yaani maabara wakisema 10 na mashine ikasema 9 au 11 bado iko ndani ya ilichoahidi. Naiamini kwa kipimo hichohicho, siongezi. Sijawahi kusikia muumini akiomba huku anamtolea Mungu asilimia 15 za kukosea.

Kuna jioni jasho lilinitoka ghafla, mikono inatetemeka, midomo ganzi, na mi nachoma insulini, dawa ya kushusha sukari, kwahiyo dalili za sukari kushuka nazijua. Nikapima, 9.8. Nikakaa kitandani naiangalia ile namba, mwili unasema hivi mashine inasema vile, na ningeifuata namba ningejilaza tu nisubiri kutulia. Ndo nikakumbuka nilikua nimetoka kuwamenyea watoto matunda na mikono sijanawa. Nikaenda bombani nimeshika ukuta, sabuni, nikajifuta mpaka vidole vikakauka, nikatoboa kidole kingine, 3.1, na chini ya 3.9 tayari ni kushuka. Sukari gramu 15 kwenye maji, hiyo ni kama vijiko 3 au 4 vya chai, nikanywa, nikangoja dakika 15, nikapima, 4.6. Na njia nzima toka kitandani mpaka bombani nilikua nasema Mungu wangu usiniache. Mashine nilikua naihoji, Mungu nilikua nimemshika, na yote mawili yametokea kwenye dakika ileile moja, ndo maana mtu akiniambia ni kitu kimoja naona hajawahi kufika hapo.

Mashine haikudanganya kwa kweli, ilipima kilichokua kidoleni. Lakini unaona, kuiamini kwangu kuna kazi, ninawe, nifunge kopo la stripu hapohapo maana unyevu unaziharibu, niangalie tarehe, na mara kwa mara niijaribu kwa yale majimaji ya kuhakiki ambayo kiwango chake kimeandikwa kwenye kopo. Namba ikitoka nje ya kile kiwango narudia na stripu mpya, ikigoma tena naiweka pembeni, sina uchungu nayo. Mama yangu niliomba apone na nikamzika. Imani iliumia, iliumia sana, ila haikuondoka, na hamna kichupa chochote ningeweza kudondoshea hapo nikajua kama bado inafanya kazi.

Nadhani Kiswahili chetu nacho kinachangia, naamini dawa, naamini rafiki, namwamini Mungu, neno lilelile, na amana, imani, uaminifu zote ni ukoo mmoja zimetoka Kiarabu. Hata mtu mwenye huruma tunasema ana imani. Neno zuri lenye nyumba kubwa, ila waliomo ndani hawafanani.

Na sio mambo ya maneno tu jamani. Mtu ninayemheshimu alinishauri niache insulini nioneshe imani. Kwa anayeitegemea insulini, kuiacha kunaweza kumwingiza kwenye hali ya damu kujaa asidi ndani ya siku chache tu, hata chini ya hapo, na watu wanakufa. Nilimjibu kwa heshima kwamba maombi yake nayataka sana, ila sindano siachi, na bado naona nilijibu sawa.

Nyota 4. Hiyo moja nimeitoa kwa sababu yale majimaji ya kuhakiki hayakuwemo kwenye boksi, nimeyatafuta wiki mbili nzima, na wauzaji wengi nilioenda walikua hawajui hata naongelea kitu gani. Kabla hujalipa uliza kama yapo.