.22 LR au .17 HMR: ipi ya shabaha, ipi ya wanyama waharibifu?

Zote mbili ni risasi ndogo za bunduki (namba ni kipenyo chake kwa inchi, takriban) zinazogongwa ukingoni mwa kitako chake, lakini tabia zao hazifanani hata kidogo.

Kwa gharama, .22 LR inashinda bila ubishi. Ipo tangu 1887, na risasi zake ni rahisi kuliko za .17. Anayetaka kupiga mamia ya risasi kila wiki asijidanganye: mazoezi ndiyo yanayokula pesa, si bunduki.

Umbali ndipo mambo yanapogeuka. Kichwa cha .17 HMR, yaani kipande kinachoruka, iliyotoka 2002, kina gramu 1.1 tu lakini hutoka kwa kasi ya karibu mita 775 kwa sekunde. Njia yake ni karibu mstari mnyoofu, hivyo kwa sungura aliye mita 120 huhitaji kukisia risasi itashuka kiasi gani. Kwa .22, mimi hujizuia kwenye mita 60 au 70. Zaidi ya hapo unaweza kumjeruhi mnyama bure. Ila .17 hupasua nyama vibaya, na mlio wake mkali huwatimua waliobaki. Risasi ya .22 ya mwendo mdogo, ikiwa na kizuia sauti, karibu haisikiki.

Usafi? Mtutu wa .17 ni mwembamba, unadai ufito wake maalumu wa kusafishia.

Kwenye shabaha ya mita 50, umbali wa Olimpiki, .22 bado ndiyo mwenyewe, mradi ujaribu aina kadhaa: kila mtutu hupendelea risasi yake. Shamba lako likiwa wazi na lenye upepo, ningekushauri .17.