Trela la kulala lenye umbo la chozi: tathmini ya seti ya kujijengea

Chesapeake Light Craft ya Annapolis, Maryland, ni kampuni inayofahamika zaidi kwa seti za kujijengea mashua, na ustadi huo unaonekana wazi katika seti yake ya trela dogo la kulala lenye umbo la chozi. Mbao zake za plaiwudi ya okoume (mti mwepesi wa Afrika ya Kati) hufika zikiwa zimekatwa tayari kwa mashine; mjenzi huzishona kwa nyaya za shaba, huziba maungio kwa epoksi (gundi ya kemikali inayokauka na kuwa ngumu), kisha hufunika bodi kwa kitambaa cha faibaglasi. Nilivutiwa sana na jinsi vipande vilivyoshikana bila kulazimishwa.

Urembo niliuongeza mwenyewe: fito za mwerezi mwekundu zikipishana na za mwerezi wa manjano, nikizibandika moja baada ya nyingine kufuata mkunjo wa paa. Hapa ndipo subira inapohitajika, kwa kuwa ufito usiolingana unene huacha bonde ambalo msasa hauwezi kulifuta bila kuila mbao ya jirani. Fito za duka moja la mbao zilikuwa na unyevu na zikapinda, hivyo nashauri zikaushwe ndani kwanza.

Epoksi hudhoofishwa na jua, kwa hiyo vanishi yenye kinga ya miale ni ya lazima. Maelekezo yanaeleweka, ingawa anayeanza atahitaji msaidizi wakati wa kugeuza bodi. Kwa anayependa kazi ya mbao, ninaipendekeza seti hii kwa moyo wote.