Kitabu cha origami: kabla hujalipa, omba picha ya mgongo wake

Meseji ninazopata kuhusu vitabu vya origami, ile sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, karibu zote ni kilio kimoja. Dada mmoja wa Malindi kanitumia picha ya kitabu alichonunua mtandaoni, masika hayajaisha na kurasa zimeshatoka zote, mgongoni kumebaki unga wa manjano tu. Mwingine wa hapa hapa Langoni, Lamu, anasema chake ni kizima kabisa ila hakikai wazi, akishika karatasi yake kwa mikono miwili kitabu kinajifunga, akikiwekea simu juu ili kikae simu inafunika mchoro anaoutaka. Wote wawili walikuwa wamesoma zile orodha za vitabu bora sijui kumi sijui ishirini, na hakuna hata orodha moja iliyogusa habari ya mgongo wa kitabu.

Basi mie naanzia hapo. Idadi ya modeli (yaani maumbo ya kukunja), picha za rangi, kiwango cha ugumu, hayo yameandikwa kila mahali nendeni mkasome. Riwaya unaishika mkononi, lakini kitabu cha origami kinasomwa bila mikono, maana mikono yote miwili iko kwenye karatasi, uko hatua ya thelathini na kitu, umebana mkunjo kwa kidole gumba na ukiuachia tu umefunguka. Kitabu kisicholala wazi mezani, hata michoro yake iwe imechorwa na malaika, hakifai.

Na sisi wa pwani tuna balaa la pili ambalo wanaoandika orodha hizo hawalijui. Vitabu vingi vya kava laini kurasa zake zinakatwa moja moja, zinapakwa gundi ya moto mgongoni, basi. Sasa hiyo gundi ilete Lamu. Nyumba za mawe ya matumbawe kuta zake zinanyonya unyevu, kusi likivuma nguo kabatini zenyewe mbichi, karatasi inavimba, ikija kaskazi inakauka na kujikunja, gundi inavutwa huku na huku mpaka siku moja inaachia. Joto nalo lina zamu yake. Na kama ni kitabu cha zamani chenye gundi ya wanga, mende watakushukuru.

Dawa ni kitabu kilichoshonwa kwa uzi. Utakijuaje na wewe uko Lamu muuzaji yuko Nairobi au nchi ya mbali? Mwombe picha moja tu, kitabu kimefungwa, kamera iangalie kutoka juu pale kurasa zinapoingia mgongoni. Ukiona vifungu vifungu vya kurasa, kila kifungu kimepinda kivyake, hicho kimeshonwa. Ukiona kurasa zote zimesimama wima zimekatwa sawasawa, hapo ni gundi tupu. Ukikipata mkononi fungua katikati ya kifungu kimoja, uzi wenyewe utauona kwa macho.

Haya, sasa nipange.

Namba moja: Dover, hasa vile vya zamani

Nasema wazi mie ni mtu wa Dover na sitafuti usawa hapa. Ni kampuni ya New York iliyoanza mwaka 1941, ya vitabu vya kava laini vya bei ya kawaida, na kwa miaka mingi walikuwa wakishona kurasa kwa uzi na kujisifu nyuma ya kava kwamba kurasa hazitadondoka na kitabu kinalala wazi. Fikiria mchapishaji anajisifia uzi! Ndio maana unakuta nakala ya miaka ya themanini, kava limepauka, kona zimeliwa, lakini ukiifungua mezani inatulia.

Kwa kuanzia tafuta vya John Montroll, Origami for the Enthusiast cha 1979 na Animal Origami for the Enthusiast cha 1985. Karatasi moja ya mraba, hakuna mkasi wala gundi, na mnyama anatoka na miguu yake minne na masikio yake. Halafu kuna The Complete Book of Origami cha Robert Lang, 1988. Huyu Lang ni mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi za leza, mwaka 2001 akaacha ajira akaingia kwenye origami moja kwa moja, kwa hiyo ukimsoma utaona kila hatua imepimwa. Michoro ya vitabu hivi ni nyeusi na nyeupe, karatasi si ya kung'aa, na mtu aliyezoea video atasema vimezeeka. Mwache aseme.

Ila msije mkanilaumu, jina la Dover peke yake halitoshi, chapa za miaka ya karibuni nyingine ni za gundi kama za wengine. Picha ya mgongo unaomba vile vile.

Namba mbili: vitabu vya Japani, hata vya Kijapani chenyewe

Hapa ndipo watu wanakimbia bure. "Sijui Kijapani." Hukihitaji. Akira Yoshizawa, aliyezaliwa 1911 na kufariki 2005, ndiye aliyeweka utaratibu wa mistari na mishale tunaoutumia leo, kitabu chake cha 1954 ndicho kilichoutangaza, halafu kina Robert Harbin wa Uingereza na Samuel Randlett wa Marekani wakaueneza huko kwao. Mstari wa vipande vipande ni mkunjo wa bonde, unakunja kuja kwako, wenye vipande na nukta ni mkunjo wa mlima, unakunja kwenda nyuma, mshale unakwambia karatasi inaelekea wapi. Ukishaijua mistari hiyo unakunja kitabu cha Tokyo bila kusoma neno hata moja.

Wanaotaka Kiingereza watafute Origami Omnibus cha Kunihiko Kasahara, 1988, kurasa 384, na Unit Origami cha Tomoko Fuse cha 1990. Cha Kasahara ni kinene, na kitabu kinene chochote kina tabia yake, katikati kinatulia ila mwanzoni na mwishoni kinataka kujifunga, utahitaji kitu kizito kirefu cha kulaza pembeni, mie natumia rula ya chuma. Cha Fuse nakipenda kwa sababu nyingine kabisa, ni origami ya vipande, unakunja vipande vingi vinavyofanana unavipachika, vinashikana vyenyewe bila gundi. Kwa hewa ya Lamu hiyo ni neema, kipande kimoja kikilegea kwa unyevu unakichomoa unakunja kingine, kitu kizima hukitupi.

Namba tatu: maboksi ya Tuttle

Tuttle ni wachapishaji, kampuni ilianzishwa Tokyo mwaka 1948 na wanajua kazi, sina ugomvi nao. Wana yale maboksi ya kitabu na karatasi pamoja, kwa zawadi ya mtoto ni sawa kabisa. Lakini unalipia karatasi, na karatasi inaisha, unabaki na kijitabu chembamba na boksi tupu. Kwa mtu anayejenga mkusanyiko nunua vitabu vyao vinavyouzwa peke yake, kama Advanced Origami cha Michael LaFosse cha 2005, huyo ni fundi wa kukunja karatasi iliyoloweshwa na anafundisha habari za karatasi yenyewe, kitu ambacho wengi hawagusi.

Namba nne: vya wenye nafasi

Origami Design Secrets cha Lang, kilitoka 2003, toleo la pili 2011 limepita kurasa mia saba. Hiki kinakufundisha kubuni modeli yako mwenyewe, duara zinapangwa kwenye mraba, kila duara mguu au pembe au bawa, na kuna hesabu ndani. Kwa kuwa nusu yake unasoma umekaa, mgongo nausamehe kidogo. Kidogo.

Halafu kuna Works of Satoshi Kamiya kutoka Origami House ya Tokyo, ndani yake lile joka la hatua zaidi ya mia mbili kwa karatasi moja ya mraba. Bei yake usiniulize, na usafiri wake usiniulize kabisa. Ukiwa na ndugu anatoka Japani mwambie abebe mkobani.

Vya bei rahisi

Fotokopi zenye selotepu mgongoni: hapana. Zimeibwa, na anayezitoa anapunguza ukubwa mpaka vipande na nukta havitofautiani, bonde na mlima vyote kitu kimoja. PDF za wizi nazo hapana, na skrini ya simu inazimika umebana karatasi kwa mikono yote. Ukitaka cha bure kihalali, wabunifu wengi pamoja na Lang mwenyewe wameweka baadhi ya michoro yao wazi, na OrigamiUSA, chama cha wakunjaji wa Marekani, pia.

Kama kitabu chako kimeshaachia, tafadhali usikimiminie gundi. Kipeleke duka la fotokopi wakate mgongo milimita chache watie spairo, ila kwanza pitia kurasa zote uone hakuna mchoro ulioingia ndani kabisa karibu na mgongo, wakishakata huurudishi. Kikishawekwa spairo kitalala wazi kuliko hata Dover, naumia kusema lakini ni kweli.

Modeli zenyewe

Wanaonunua modeli zilizokunjwa tayari, kuna maswali mawili tu ya kumuuliza muuzaji: nani kabuni, na ni karatasi gani. Asiyejua la kwanza kachukua kazi ya mtu, asiyejua la pili anakuuzia kitu kitakachofunguka mwezi wa tano. Kami, ile karatasi ya kawaida ya origami ya Kijapani, ya sentimita 15, nyeupe upande mmoja, ni nzuri ya kujifunzia lakini kwa unyevu wetu inalegea haraka. Karatasi yenye foili inashika umbo zaidi. Ile njia aliyoianzisha Yoshizawa ya kulowesha karatasi nene kidogo na kuikunja ikiwa mbichi, ikikauka inakuwa ngumu inakaa miaka, ila uifanye kaskazi, kwenye masika haikauki vizuri na hewa ikiwa mbichi sana inalegea.

Na karatasi nzuri kuliko zote kwa bei tunayo mlangoni, ile ya kaki ya kufunikia madaftari ya shule. Usicheke. Hiyo ndiyo karatasi ya kraft ambayo wakunjaji wa huko nje wanaisifu, ina nyuzi ndefu, unaikunja na kuikunjua haipasuki, na inauzwa kwa roli kwa hiyo unakata mraba mkubwa upendavyo. Yule anayetaka kujaribu Montroll asinunue karatasi ya nje kabla hajamaliza roli moja ya kaki.

Kuhusu pa kuziweka, najua kila mtu wa Lamu akili yake inakwenda kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na kweli zinapendeza, mahali pa masahani ya kichina ya bibi sasa amekaa korongo wa karatasi. Ila ukuta unatoa chumvi jamani. Modeli isiguse plasta, weka kigae au kioo chini yake, na nyuma acha nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Zile unazozipenda sana zitie kwenye mkebe unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Sasa wauzaji

Hawa ndio walionipandisha presha. Unamwomba picha ya mgongo anakutumia kava mara tatu, mbele, mbele, na mbele kwa mbali. Unamuuliza kimeshonwa au gundi, anajibu "kiko poa dear". Mmoja aliandika kitabu ni kipya, kikaja na jina la mtoto wa mtu na nusu ya korongo ameshapakwa kalamu ya nta, nikauliza, akasema kipya maana yake kipya kwako. Kuna wengine wameshajua neno "vintage", basi kitabu cha Dover kilichotengenezwa kiwe cha bei ya watu wote wanakipandisha mpaka unadhani kimesainiwa.

Na usafiri. Bei unayopewa ni ya mpaka Mokowe, gati la huko bara, hakuna anayekwambia kwamba baada ya hapo kuna boti, kuna wa kubeba, na kifurushi kimelala chini ya gunia huko kwenye basi tangu Mombasa. Kubalianeni kabisa bei ya mpaka gatini Lamu, na kitabu kifungwe nailoni mbili ndani ya katoni, kava laini likipigwa na maji ya chumvi kwenye boti hakuna wa kumdai. Akikataa kufunga nailoni, mwache na kitabu chake.

Ila ukikutana na muuzaji ambaye kweli hajui alichonacho, katupa picha ya rafu nzima ya vitabu vya watoto na wewe umeona pembeni Montroll wa 1979 mgongo umepinda vifungu vifungu, usimuulize maswali mengi. Mtumie hela.