Nililipa pesa ya jimu, nikaulizwa kama nimekuja hospitali

Nyota moja. Naandika kwa mkono wa kushoto, bega la kulia limefungwa barafu kwa leso, kwa hivyo makosa ya herufi mnisamehe.

Mimi ni msusi Kenyatta Market. Miaka zaidi ya kumi na tano mikono yangu iko juu tangu mteja wa kwanza akae mpaka giza liingie, na rasta ndogo ndogo za kichwa kimoja zinaweza kula siku nzima. Mwaka jana hivi bega likaanza kunigomea. Kufunga sidiria ikawa vita, na kushika chuma cha juu kwenye matatu nikaacha kabisa. Dada wa fiziotherapia aliniambia kuna kano inayobanwa chini ya mfupa wa bega kila nikiinua mkono, na misuli midogo minne inayolishikilia bega imelegea. Vyuma hakunikataza, alinipa masharti. Viwiko visipanuke kama mbawa za kuku. Viganja vitazamane nikishika dambeli. Pushapu nianzie ukutani, bega likizoea nishuke kwenye benchi. Na mpira wa kuvuta kila siku: taulo imekunjwa na kubanwa kati ya kiwiko na ubavu, mkono unaenda nje polepole, unarudi polepole zaidi. Nikichoka ni sawa, ikichoma niache.

Miezi miwili hivi nikaanza kujifunga sidiria bila kulia. Ndipo nikajiona mtu wa jimu, nikalipia hii hapa karibu na nyumbani kwa sababu ina mashine ya kebo, ile ya kuvuta uzito kwa waya.

Sasa huyo kocha. Nimefunga mpira wangu kwenye nguzo, niko mara ya nane au tisa, akaja ananyonya kijiti cha meno. "Mathe, huo mpira ni wa wagonjwa. Umelipa pesa ya jimu ama ya hospitali?" Akacheka, na vijana wawili waliokuwa benchini wakamsaidia kucheka. Nikamweleza habari ya bega. Akasema bega linauma kwa sababu ni dhaifu, dawa yake ni uzito. Akaniketisha, akaniwekea baa, kile chuma kirefu cha kubeba uzito, nyuma ya shingo. Mikono ikiwa vile, bega limegeuzwa nje mpaka mwisho wake, halafu ndipo unaambiwa sukuma. Viwiko vimepanuka kama mbawa, jambo lile lile nililokatazwa, na nilijua. Hapo ndipo panaponiuma kuliko bega lenyewe. Nilijua, lakini wale vijana walikuwa wanatazama.

Mara ya tatu likasema ka! Nikaishusha baa miguuni. Kocha akasema, "Hiyo ni hewa tu." Hewa gani inamfanya mtu ashindwe kushika kitana siku nne? Hizo siku nne nani alinilipia kodi ya kiti? Mapokezi nikaambiwa pesa ikishaingia hairudi, na aliyeniambia hata kikombe cha chai hakukiweka chini.

Lakini nisiseme uongo, pale kuna kocha mwingine, binti wa zamu ya mchana. Huyo aliniuliza kwanza, "Mum, unaumwa upande gani, na ukifanya nini?" Bega lilipotulia akanilaza sakafuni kwenye mkeka na dambeli nyepesi nyepesi, viganja vikitazamana, nikisukuma juu kutoka pale. Kiwiko kikigusa sakafu kinakomea hapo, hakiwezi kushuka chini ya mwili na kulivuta bega mbele. Kifua kilifanya kazi, bega likanyamaza. Nilitamani kumkumbatia. Kwa ajili yake weka nyota tatu, na bafu yao ina maji ya moto kweli.

Hizo tatu zilidumu mpaka juzi. Binti hakuwepo, nikafunga mpira wangu pale pale kwenye nguzo, nikasikia kwa sauti ya jimu nzima, "Mathe wa mpira amerudi!" Nikavuta kwa hasira, haraka haraka, kiwiko kikatoka ubavuni, na ndiyo hii barafu mnayoisikia. Kosa langu hilo, sawa. Lakini nyota ni moja, na hiyo moja ni ya binti.

Mwezi wangu umebakisha wiki moja. Kama kuna jimu nyingine upande wa Ngumo au Golf Course yenye kebo, niambieni.