Charyapada: chunguni hamna wali, wageni hawaishi

Kitabu hiki nilikinunua mtumba, shilingi 30,000, jalada limeanza kuachia. Ni tafsiri ya Kiingereza ya Charyapada, nyimbo za walimu wa Kibuddha wa upande wa Bengal (Bangladesh ya leo na mashariki ya India), zenye umri wa miaka kama elfu moja. Nilifungua katikati nikaangukia wimbo wa 33, wa Dhendhana: nyumba yangu iko kilimani, jirani sina, chunguni hamna wali, na wageni hawaishi kuja. Nikacheka peke yangu, maana hali hiyo naijua. Mistari michache mbele, fahali anazaa, ng'ombe jike ni tasa, na mwizi ndiye huyo huyo mlinzi. Hapo kicheko kikaisha, nikaanza kukuna kichwa.

Lugha yao huitwa sandhya bhasha, lugha ya machweo: nusu unaona, nusu imo gizani. Anayesikiliza juu juu anapata mtumbwi, mwindaji, chungu cha jikoni. Aliyefundwa anapata mafunzo ya kuitawala pumzi na nafsi. Luipa, mmoja wa walimu hao, anaimba kwamba mwili ni mti wa matawi matano. Mwenzake Bhusuku anasema adui wa swala ni nyama yake mwenyewe (hili hata bila mwalimu tunalielewa).

Nimetoa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu maelezo yote yamerundikwa nyuma, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi. Munidatta, aliyezifafanua zamani kwa Kisanskriti, ndiye mwenye ufunguo, na kumfikia inabidi kidole kimoja kikae mbele na kingine nyuma, usiku kucha.

Dibaji nayo ni tamu kama hadithi. Msomi wa Kibengali, Haraprasad Shastri, aliukuta mswada ulioandikwa juu ya majani makavu mwaka 1907, si Bengal bali Kathmandu, katika maktaba ya mfalme wa Nepal. Akauchapisha 1916. Majani mengine yalishapotea, zikabaki nyimbo 46 na nusu. Zilizokosekana zilikuja kujulikana kupitia tafsiri ya Kitibeti. Mwaka 1926 mtaalamu wa lugha Suniti Kumar Chatterji akatetea kwa hoja za sarufi kwamba hiki ni Kibengali cha kale. Lakini watu wa Assam na Odisha, majimbo ya India, nao wanazidai ni zao, na dibaji imewapa sentensi moja tu, kana kwamba kesi ilishahukumiwa. Hapo sikuridhika.

Ukikuta chapa yenye maelezo chini ya kila wimbo, lipa zaidi uichukue. Hiki changu rafiki ameshakiomba. Nimemwambia asubiri, yule fahali bado ananisumbua.